Baraza la Kupandia Pikipiki

Mabinti zangu wa ofisi ya mwani, siku mliyoniaga mliniuliza ni kitu gani nitakachokikumbuka zaidi nikiwa nyumbani. Mlitarajia niseme harufu ya mwani mkavu, au vicheko vya akina mama wa pwani, au nyinyi wenyewe. Nilisema, "Pikipiki," nanyi mkacheka. Mimi si mtu wa mzaha siku ya kuagwa. Mwani hauji ofisini kwa miguu yake. Mtu huufuata, na mimi niliufuata kwa pikipiki tangu ujana hadi mvi. Nilipostaafu niliirudisha ile ya ofisi, ikanibidi nichague yangu kwa mara ya kwanza. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kazi yote ile ilikuwa ikinifundisha jambo hili moja, na kwamba sikuwa nimemaliza kujifunza.

Niliagwa siku ya tisa ya mwezi wa Shaaban, maji yakiwa mafu, kwa hivyo hakuna aliyekuwa na kisingizio cha kutohudhuria. Tarehe zangu zote ni za mwezi wa angani. Nilianza kusoma nikiwa mama wa watoto wawili, katika darasa la jioni la watu wazima mtaani kwetu Malindi ya Mji Mkongwe, na mtu aliyechelewa kujua kuandika tarehe haipotezi tena. Kalenda ya ukutani nilifunzwa na mwalimu. Ya mwezi nilifunzwa na kazi. Mwani huvunwa bahari inapotoka mbali, nayo hutoka mbali mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo tunaziita bamvua. Baina yake ni maji mafu, ambapo mkulima hana la kufanya baharini na mtumishi wa ofisi hana udhuru wa kutokuwepo mezani.

Kazini niliingia siku ya kumi na tatu ya Rajabu, bamvua ikikaribia. Mkuu wetu wa wakati huo alinikabidhi ufunguo wa pikipiki bila ya kuitazama miguu yangu. Ilikuwa pikipiki ya shamba, ndefu kama mbuni, imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa kuruka mitaro. Nami ni mfupi. Komeo la juu la mlango wangu mwenyewe silifikii bila kigoda. Niliuchukua ufunguo, nikaenda nao Mtoni, kwenye banda la magari ya ofisi, kwa Fundi Makame, Mtumbatu mmoja mkavu wa maneno aliyezitunza pikipiki zote.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Ufunguo wa nani huo?"

"Wangu. Nimepewa na mkuu."

Alinitazama, akaitazama pikipiki, akanitazama tena. "Mkuu kaipima kwa miguu yake. Yako kaiacha wapi?"

Lakini alinifunza. Aliiegesha pikipiki kando ya ngazi ya banda, nikapanda kutoka ngazini, nikazunguka uwanjani, nikarejea kushukia ngazini pale pale. Hata leo nadhani hakuna mwalimu aliyewahi kunipigia kelele kidogo kuliko yeye. Alikuwa na tabia ya kunyamaza mpaka ulione kosa mwenyewe, kisha akacheka.

Nyumbani sikuwa na ngazi ya banda, lakini nilikuwa na baraza. Mtu wa mjini halioni tena baraza, kama asivyoyaona meno yake. Lipo tu, la mawe na chokaa, mbele ya kila nyumba. Mume wangu, marehemu Hemed, alikuwa akikaa juu ya letu na kikombe cha kahawa. Kila asubuhi alisogea kunipisha, nikapanda juu ya baraza, nikavuka mguu, nikakaa juu ya kiti kama bibi harusi. Watu walimuuliza kama haoni haya mkewe kupanda pikipiki. Alijibu, "Nitaona haya nisipompisha."

Hapa ndipo lilipozaliwa kosa ambalo, nadhani, mtu wa Mji Mkongwe peke yake angeweza kulifanya. Kwa kuwa nilipanda kutoka barazani na kushuka barazani, niliamini kwamba naiweza pikipiki ile. Nilijipangia njia kwa mabaraza. Nilijua duka gani la Mwera lina baraza la kimo changu, msikiti gani wa Dunga una kizingiti kipana, na nyumba gani ya Chwaka haina mbwa wala maneno. Nikisimama njiani, nilisimama ubavuni mwa ukuta. Miguu yangu haikuwahi kugusa ardhi tupu, wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Ardhi tupu nilikutana nayo Uroa, bamvua ya mwezi mpevu wa Shaaban. Mnaujua ufukwe ule: mchanga, mwani ulioanikwa, minazi, basi. Nilifunga breki, nikateremsha mguu kuitafuta dunia, nikaikuta iko mbali kuliko nilivyozoea. Pikipiki ililala upande wa kushoto, nami nikalala nayo, juu ya mwani wa mtu.

Mwenyewe alikuja kutoka majini, kanga imeroa hadi kiunoni. Alikuwa Bi Mize, mkulima wa mwani, rika langu.

"Umelala au umeanguka?"

"Nimeanguka."

"Basi inuka, shoga, mwani wangu uko chini yako. Haujaumia sana lakini?"

"Sijaumia."

"Mimi nnauliza mwani."

Tuliiinua pamoja. Kisha akaburuta gunia lililojaa mwani mkavu, akalilaza kando ya pikipiki, akaniambia nipande. Gunia la mwani lililoshindiliwa vizuri halibonyei wala haliyumbi. Tangu siku hiyo, kila nilipofika Uroa, gunia lilinisubiri. Lilikuwa baraza langu la pwani. Wakati mwingine nilisikia watoto wakisema, "Bi Zuhura anakuja, leteni gunia," nikajikaza nisionyeshe kwamba nimesikia.

Siku moja, nikiwa juu ya gunia, Bi Mize aliniuliza, "Hivi, somo, hii mashine huinywesha nini ukaizunguka nchi yote?"

"Petroli, na subira."

"Mimi nnajua Uroa na Chwaka. Mjini nimekwenda kuzaa na kuuguza. Hata huko Kizimkazi, kwenye bahari hiihii, sijapaona." Alilipiga kofi sanduku la ofisi lililofungwa nyuma yangu. "Na nyuma yako siku zote kuna sanduku. Siku utakayokuja na pikipiki isiyotaka gunia, nawe huna sanduku, utanipakia mimi. Tutazunguka."

Nikasema inshaallah, na sikuisema ile ya kukimbilia mlango.

Miaka ilikwenda. Pikipiki zilibadilika, zote ndefu, kwa sababu waliozichagua walikuwa warefu. Nilishona pindo la baibui langu kwa vifungo ili lisiingie kwenye mnyororo, nikavaa suruali chini yake na viatu vya soli nene. Ukaja msimu mbaya ambao maji yalipata moto, mwani ukawa mweupe na kukatika kambani, na nikawa natoka kijiji hadi kijiji nikitazama nyuso za wanawake waliopoteza vuno zima. Msimu ule ndio ulionifunza maana ya starehe juu ya pikipiki. Mtu aliyeketi vibaya hufika amechoka, na aliyechoka hasikilizi. Mikono yangu ilikuwa ikinyooka kuufuata usukani uliokuwa mbali, mabega yakikaza, na nikifika Jambiani nilikuwa nawajibu watu kwa ukali ambao hawakuustahili. Usukani unaotakiwa, mabinti zangu, ni ule unaokujia. Viwiko vyako vibaki vimekunjika kidogo, kama unaposhika sinia.

Hemed alifariki siku ya ishirini na mbili ya Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Nilikaa eda, na pikipiki ikakaa Mtoni. Nilipotoka na kwenda kuichukua, nilikuta Fundi Makame amefungua kiti chake, amelikata godoro la ndani na kulishona upya, kimeshuka kwa kiasi cha vidole vinne. Hakutoa pole kwa maneno. Alisema tu, "Sasa hakuna wa kukupisha barazani. Jaribu."

Nilijaribu. Kwa mara ya kwanza vidole vyangu vya miguu viligusa ardhi, nikashukuru mbele yake. Lakini kutoka Malindi hadi Uroa nililihisi kila jiwe ambalo Serikali ililiacha barabarani. Kiti kilikuwa kimebaki ngozi na mbao. Baada ya wiki mbili nilirudi kwake nikitembea kama bata.

"Kumbe nimekushusha nikakuvunja," alisema. "Kiti kina kimo na kina nyama. Ukikata kimo kwa kukata nyama, utafika chini, lakini hutafika Uroa."

Siku hiyo akanifundisha kipimo ambacho sijakiona kwenye kitabu chochote nilichowahi kusoma, nami nimesoma kwa pupa. Alichukua kamba ya kufungia mwani kutoka kwenye sanduku langu. Alinipa nijipime nyumbani kutoka kisigino kimoja, nipandishe ndani ya mguu, nishuke mguu wa pili hadi kisigino cha pili, kisha nifunge fundo. Nilipoirudisha, aliitandaza kamba hiyo juu ya kiti cha pikipiki, kutoka ardhini upande huu hadi ardhini upande wa pili.

"Watu hupima kimo," alisema. "Kimo kinadanganya. Kiti cha chini lakini kipana kama kitanda kitakutanua mapaja, miguu ibaki hewani. Kiti kirefu kidogo, chembamba hapa mbele, kitakufikisha. Pima tao, usipime kimo."

Kamba ile ninayo hadi leo, na fundo lake.

Basi nilipostaafu nilikwenda Uroa kumwambia Bi Mize kwamba sanduku limeondoka. Nilimkuta uani anachambua mwani akiwa amekaa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Goti lake la kulia lilikuwa limegoma.

"Umekuja na nini?"

"Nimekuja na gari la abiria. Pikipiki naitafuta."

"Itafute upesi," alisema, akilisugua goti. "Hili nalisihi kila asubuhi. Likishakataa kabisa, sitapanda hata kitanda, sembuse pikipiki."

Nilirudi mjini na neno hilo. Nikajiapia mambo mawili: kwamba nitampakia goti lake lingali linakunjika, na kwamba pikipiki yangu haitahitaji gunia, baraza, wala mkono wa mtu. La pili, nakiri, lilikuwa kiburi, lakini kiburi kimenisomesha.

Duka nililokwenda liko njia ya Bububu. Kijana wa mauzo aliitwa Nassor, mpole, kanzu safi, maneno yanateleza.

"Shikamoo, bi mkubwa. Unamtafutia mjukuu?"

"Marahaba. Namtafutia bibi yake."

Akanipeleka kwenye skuta. Nilizikagua kwa heshima. Zina kiti kizuri na hazina gia, na kwa mtu wa kwenda sokoni Darajani ningezisifu. Lakini magurudumu yake ni madogo, na barabara nyingine za shamba zina mashimo yanayoyajua magurudumu hayo kwa majina. Akanipeleka kwenye pikipiki kubwa ya safari, ina kioo mbele cha kukata upepo na masanduku pembeni. Nilitoa kamba.

"Kamba ya nini, bi mkubwa?"

"Tulia, mwanangu. Tunaiuliza suala."

Niliitandaza juu ya kiti. Ilining'inia pande zote mbili, haikufika chini. Tukaenda ya tatu: ya chini, ndefu kwenda nyuma, kiti kimezama katikati kama tandiko la punda, usukani umerudi kumkaribisha dereva. Kamba iligusa sakafu na kubaki. Nilipanda. Nyayo zangu zote mbili zilitua. Nilikaa pale nikijihisi malkia, mpaka nilipotazama chini upande wa kushoto. Duka lile lina ukingo wa saruji pembeni mwa ukumbi, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa umetua juu yake.

Nilicheka peke yangu. Nassor alinitazama kwa wasiwasi.

"Itoe nje," nilimwambia. "Kwenye kokoto, penye mteremko."

"Bi mkubwa, nje pana jua."

"Na mimi naenda wapi, chini ya kitanda?"

Nje, kwenye kokoto, nyayo zote mbili zilitua, nikaijaribu kama Fundi Makame alivyonizoesha. Kwanza niliinyanyua kutoka kwenye stendi ya pembeni nikiwa nimeikalia. Kisha nilishuka nikaisukuma kwa nyonga, mbele na nyuma, maana pikipiki huangusha watu wengi ikiwa imezimwa kuliko ikiwa inakwenda. Nikaangalia kama vidole vyangu vinaufikia mkono wa klachi bila ya kuutafuta. Havikufika, nikamwomba fundi wao ausogeze, naye akasogeza, kumbe unasogezwa. Uzito wake ulikaa chini, karibu na ardhi, kwa hivyo ilikuwa nzito lakini haikuwa na hila. Nikampigia simu Fundi Makame, ambaye sasa anaishi kwao Tumbatu na kutengeneza mashine za boti.

"Umepima tao?"

"Nimepima."

"Nje?"

"Nje, Fundi."

"Umepima na nani?"

"Peke yangu. Niko na nani mimi?"

Alinyamaza, na maana ya kunyamaza kwake nilipaswa kuijua.

Niliiomba pikipiki kwa majaribio, kwa kuwa sinunui kitu kwa ajili ya Uroa ambacho hakijaiona Uroa. Ilikuwa siku ya nane ya Mfunguo Pili, maji mafu. Ilikwenda kama mashua iliyotulia: Mwera, Dunga, Chwaka, na mgongo wangu haukulalamika hata mara moja. Nilipofika ufukweni nilisimama katikati ya mchanga, mbali na kila ukuta, nikateremsha nyayo mbili kwa mpigo. Bi Mize alikuwa mlangoni. Alipiga kigelegele.

"Haitaki gunia!"

"Haitaki. Vaa viatu."

Alikuja akichechemea, amejitanda kanga mpya. Nyuma ya kiti changu palikuwa na kijikiti cha ngozi, kidogo kama kiganja, kimeinuka juu kama kilima. Sijui nilikitazamaje dukani nisikione. Alishika bega langu, akainua mguu wa kulia. Goti lilifika nusu, likakataa. Akajaribu wa kushoto. Ule ukapita, lakini kiti kile hakikumpa pa kukaa, akateleza, nikahisi pikipiki nzima inaegemea. Niliizuia kwa nyayo zangu mbili nilizokuwa nikijivunia. Yeye akashuka polepole.

Kisha akasema, kwa sauti nyepesi mno, "Basi tena, somo. Umepata ya kwako, nzuri. Nenda, uje unisimulie."

Mabinti zangu, nimesimama mbele ya mashamba yaliyokufa, sikutetereka kama nilivyotetereka kwa sentensi hiyo. Niliirudisha pikipiki kwa Nassor jioni ileile.

"Imekufanya nini, bi mkubwa? Umeipenda!"

"Imenifaa mimi. Nipe ya watu wawili."

Tuliirudia safu yote, safari hii nikianzia nyuma. Nilitafuta kwanza kiti cha abiria: kirefu, bapa, kisichoinuka, chenye kishikio na vikanyagio visivyomkunja mtu goti. Ndipo nikaja mbele na kamba yangu. Niliyoipata ni ya kawaida kabisa, ya kazi, wala hakuna atakayegeuka kuitazama. Kiti chake ni kirefu kidogo, chembamba mbele, chenye nyama. Ni nyepesi, naisukuma kwa mkono mmoja. Kamba haikufika kwa upana wa vidole viwili, maana yake nasimamia nusu ya nyayo, na kwenye mchanga ni vyema nichague upande. Nilimpigia tena Fundi Makame, akacheka kabla sijamaliza. "Umepima na wawili," alisema. "Ichukue."

Nilikwenda Uroa siku ya ishirini na mbili ya mwezi uleule, maji mafu tena. Sikusimama katikati ya mchanga. Nilisimama kando ya msingi wa ukuta, nikazima, nikasema kile nilichoapa kutokisema tena.

"Bi Mize, leta gunia."

Alilileta mwenyewe akiliburuta, uso umemjaa nuru na kejeli. Alipanda juu yake, akavuka kwa mguu wa kushoto, akakaa nyuma yangu kwa utulivu kama mtu aliyezaliwa pale. Kisha akanigusa begani.

"Ngoja. Na tukifika huko tutapandia nini?"

Alishuka, akaumwaga mwani juu ya mkeka, akalikunja gunia tupu likawa kama shuka, akaburuta gunia jingine la kupandia, akalikalia lile tupu nyuma yangu. "Mchanga upo kila pwani," alisema. "Twende."

Tuliingia Kizimkazi baada ya sala ya adhuhuri. Alitembea mpaka majini, akayagusa, akasema ni yaleyale, akakaa kuyatazama muda mrefu sana. Wakati wa kuondoka tulikaa mchangani kando ya pikipiki, wanawake wawili wazima, mmoja ameshika mdomo wa gunia na mwingine anajaza mchanga kwa mikono. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu alitutazama mpaka akashindwa kuvumilia.

"Mama zangu, shikamooni. Mnajenga nini hapo?"

"Marahaba," alijibu Bi Mize bila kuinua kichwa. "Tunajenga baraza. Usihangaike, mwanangu, tunaondoka nalo."